Macho Hayakatwi Aprili

Beji yenyewe ilikuwa ndogo kuliko kifungo cha shati. Pundalik Tembhurne aliitazama kutoka kiti cha nyuma kabisa, karibu na birika la chai, amefumba jicho la kushoto kama mtu anayelenga shabaha, maana jicho hilo siku hizi lilimletea ukungu mtupu. Rais wa Klabu ya Huduma ya Hingani aliibandika kwenye upindo wa sari ya Vrushali Thakare, mke wa mwenye duka la dawa, na ukumbi mzima ukapiga makofi. Pundalik naye akapiga. Alipiga mara tatu, kisha akaweka mikono yake mapajani na kuiacha hapo.

Utaratibu wa Wakfu wa klabu haukuwa siri. Mwanachama akiuchangia dola elfu moja, anavishwa beji. Akichangia zaidi analimbikiza pointi, na pointi hizo anaweza kumpa mtu asiye na kitu, avishwe naye kwa ajili ya kazi yake. Hapo Hingani mwenye pointi za kugawa alikuwa mmoja tu, Girish Mundhada, tajiri wa kiwanda cha kuchambulia pamba. Tangu Diwali Mundhada alikuwa ametangaza kwamba mwaka huu atamheshimu mtu wa kambi ya macho, ile ya kila mwaka ya upasuaji wa bure. Mtu wa kambi ya macho. Pundalik akaenda kwa fundi akashonesha koti la kijivu. Sasa koti lilimbana kwapani.

Alikuwa na miaka kumi na tisa katika kazi ile. Kila mwaka mvua zikiisha, alipanda baiskeli na tochi yake akazunguka vijiji arobaini, huku akitengeneza cherehani mbovu ili apate mkate. Aliwainua wazee videvu, akawamulika, akaandika jina la kila mwenye mtoto wa jicho. Desemba ikifika aliwaleta hospitali kwa mikokoteni, wamejifunga mablanketi, wengine wakilia kwamba wanapelekwa kufa. Vrushali alikuwa na miaka miwili. Miaka miwili, na gari la mumewe, jipu lenye kipaza sauti juu ya paa.

Na pointi zenyewe zilikuwa za nani? Baba yake Girish, mzee Kishanlal, aliwafukuza kazi watu sitini na wanne baada ya mgomo wa mwaka themanini na moja. Pundalik aliyajua majina yote sitini na manne, na ya watoto wao, na nani aliuza bangili za mkewe mwaka gani. Wa kumi na saba alikuwa Shrawan, aliyekufa baada ya miaka minne kwa kifua kilichojaa vumbi la pamba ya tajiri. Leo jina la Mundhada limechongwa kwenye marumaru juu ya bomba la maji, kwenye kila benchi la hospitali, hata kwenye mapanga ya feni limeandikwa kwa rangi nyekundu. Feni zikizunguka jina halisomeki, na kwa miaka mingi hiyo ilikuwa starehe ndogo ya Pundalik.

Aliyemwingiza kwenye mambo ya klabu ni Daktari Kolhatkar, marehemu sasa, mtu aliyekuwa akisema jambo moja kwa moja. "Unajua kila mlango wa vijiji arobaini," alimwambia, "na unapeleka karatasi za kumlaani Mundhada tu. Nenda kwenye milango hiyohiyo unitafutie vipofu." Pundalik akaenda. Aliwaambia watu kwamba anakwenda kwa ajili ya maskini, si kwa ajili ya klabu, na hilo lilikuwa kweli. Kwamba aliitaka pia ile beji hakumwambia mtu, na hilo ndilo lililomchoma.

Vrushali alimfuata na kikombe cha chai.

"Mjomba, hii ilikuwa yako. Niliwaambia."

"Beji haina cha yangu na yako, mwanangu. Ni bati."

"Bati lililochovywa dhahabu."

"Ndiyo maana linang'aa."

Akacheka. Alikuwa na kicheko kizuri, na hilo nalo halikumsaidia Pundalik. "Basi nipe madaftari yako ya mwaka huu tupange kazi," alisema. "Pesa za Wakfu zimechelewa, makaratasi yamerudishwa mara tatu. Zitaingia Machi. Kambi itakuwa Aprili."

"Aprili?"

"Mvua zikianza hakuna mkulima atakayetoka shambani, na Juni mwaka wa klabu unafungwa. Tusipofikisha watu mia na ishirini pesa zinarudi zilikotoka. Sidhani watatupa tena."

"Madaftari yameliwa na mchwa," alisema Pundalik.

Madaftari yalikuwa nyumbani ndani ya sanduku la bati, yamefungwa kwa kipande cha sari ya marehemu mkewe. Hata mchwa mmoja hajawahi kuyaona.

Kila mtu wa Hingani anajua kwamba macho hukatwa wakati wa baridi. Joto huozesha kidonda, jasho huingia kwenye mshono, upepo wa moto hukausha jicho mpaka likapasuka. Zamani maneno hayo yalikuwa na ukweli wake, enzi ambazo daktari alishona jicho kwa uzi na mgonjwa akalazwa siku saba, kichwa kimebanwa na mifuko ya mchanga. Sasa ni tundu dogo na robo saa, na kesho yake mtu yuko kwake anadai chakula. Pundalik alilijua hilo kuliko yeyote asiye daktari katika wilaya ile. Hakuwahi kulazimika kulisema, kwa kuwa kambi zote zilikuwa Desemba.

Mwishoni mwa Machi alikuwa Sonegaon, kwenye banda la chai, akitengeneza cherehani ya mwenye banda. Jipu la Vrushali lilikuwa limepita asubuhi likipiga kelele. Mzee mmoja, Zingraji, ambaye macho yake yote mawili yalikuwa meupe kama mtindi, aliisogelea sauti ya nyundo.

"Kaka Pundalik, yule binti wa dawa anatuita Aprili. Kwani macho yanakatwa Aprili?"

Pundalik alimimina chai kwenye kisahani akaipuliza. "Mimi huwa namulika tu, mzee. Sikati."

"Lakini wewe unasemaje?"

"Umenisikia nikisema kitu?"

"Hapana."

"Basi."

Zingraji akawageukia wenzake kwenye benchi. "Mmemsikia."

"Maziwa yenyewe yanachacha kabla ya saa nne asubuhi," alisema mwingine, "sembuse jicho lililochanwa."

"Huyo binti anataka hesabu yake itimie," alidakia wa tatu. "Kichwa chako wewe ni namba tu kwake."

Wakacheka. Pundalik hakucheka, wala hakuwarekebisha. Alikaza skrubu, akajaribu gurudumu, na moyoni akaona raha fulani, kama mtu aliyejikuna mahali palipomwasha siku nyingi. Katika wiki mbili alipita vijiji kumi na kimoja. Kila alipoulizwa, alipuliza chai.

Siku ya kuandikisha walikuja watu saba.

Kesho yake saa nane mchana, saa ambayo hata mbwa wa Hingani hawabweki, Vrushali alikuja nyumbani kwa Pundalik kwa miguu, chini ya mwavuli. Pundalik aliishi kwenye chumba kimoja cha makazi ya zamani ya wafanyakazi wa kiwanda. Alimpa maji, akamkalisha kitandani, yeye akakaa juu ya sanduku la bati.

"Watu saba, mjomba."

"Si haba."

"Mmoja wao alikuja kung'olewa jino."

Pundalik alikaribia kucheka, akanywa maji haraka.

"Wanasema Kaka Pundalik amekataza."

"Nani amenisikia nikikataza? Mlete hapa."

"Hayupo. Wanasema ulinyamaza."

"Siku hizi kunyamaza kumewekewa sheria?"

Vrushali aliweka maji chini. Jasho lilimtiririka shingoni na hakulifuta. "Kama ni hii beji, nitairudisha. Alhamisi ijayo klabuni, mbele ya watu wote, nikuvishe wewe kwa mkono wangu."

Pundalik angeweza kumsamehe mengine yote, lakini si hilo. Kitu alichokuwa amekiwaza tangu Diwali, alichokishonea koti, yule mwanamke alikuwa tayari kukitoa kama mtu anayemwachia mwuza mboga chenji. Hata katika kutoa alikuwa amemzidi.

"Mimi sili makombo," alisema. "Ya Mundhada wala ya kwako."

Vrushali akasimama. "Keshokutwa Daktari Qazi anafika na watu wake, kwa siku tatu. Siku ya kwanza asipopata wagonjwa nitamwambia afunge mizigo, na nitauandikia Wakfu kwamba Hingani hakuna wanaotaka kuona." Akaondoka bila kumaliza maji.

Jioni ile Pundalik alikula mikate ya mtama na pilipili ya karanga kwa hamu ambayo hakuwa nayo kwa miezi.

Asubuhi yake jirani alimwita juu ya ukuta. "Kaka, shemeji yako Anusaya hali chakula. Ni jicho. Mtazame basi, na wewe ndiye mwenye tochi."

Anusaya alikuwa mjane wa Shrawan, yule wa kumi na saba. Aliishi milango mitatu kutoka kwa Pundalik, na kwa wiki mbili Pundalik alikuwa akiupita mlango ule mbiombio, kwa sababu kule ndani angeulizwa. Jicho lake moja lilichomwa na kijiti cha mpamba zamani sana likafa. Lililobaki lilikuwa na mtoto wa jicho, na jina lake lilikuwa la kwanza kwenye daftari ambalo mchwa hawajalila.

Alimkuta amelala, kitambaa chenye maji usoni. Alipokiondoa aliona jicho jekundu kama pilipili iliyoanikwa. Akamulika. Katikati palikuwa peupe pepe. Akalibonyeza taratibu juu ya kope kwa vidole viwili, kama alivyofundishwa, na chini ya vidole jicho lilikuwa gumu kama gololi. Daktari Kolhatkar alimwambia mara nyingi: jicho jeupe lisilouma linaweza kungoja baridi, lakini jeupe likianza kuuma na kuwa gumu, hesabu siku, usihesabu miezi.

"Tangu lini, shemeji?"

"Siku kumi. Kumi na moja leo."

"Mbona hukuniita? Ningekupeleka mjini siku ileile."

"Nikuite ya nini? Umesema macho hayakatwi Aprili."

"Sikusema."

"Watu wa Sonegaon wamesema umesema."

"Nilinyamaza tu."

"Wewe?" Anusaya alijaribu kucheka, maumivu yakamkatiza. "Tangu nikujue ulinyamaza lini? Hata siku ya harusi yangu ulihutubia, ukataja bei ya pamba. Wewe ukinyamaza watu wanajua pana jambo."

Pundalik aliizima na kuiwasha tochi yake bila sababu. "Kesho kambi inaanza. Nitakupeleka."

"Kwa joto hili? Ndilo hili tu lililobaki. Likiniozea utakuja kunipikia?"

"Halitaoza. Hayo ni maneno ya zamani."

"Ya zamani tangu lini? Tangu leo asubuhi?"

Alimweleza tundu dogo, alimweleza robo saa, alitaja miji ambako watu hukatwa macho mwezi wa Mei wakarudi sokoni. Alizungumza vizuri, kama alivyozungumza siku zote, na Anusaya alimsikiliza mpaka mwisho.

"Na la kwako?" aliuliza.

"Langu lipi?"

"La kushoto. Mimi ni kipofu, si kiziwi. Mwaka wa pili huu, kila ukiingia hapa unajigonga mwimo wa kushoto halafu unakohoa ili nisisikie. Kama joto halina neno, lala wewe kwanza. Nitakushika kichwa keshokutwa. Nikikikuta kiko mahali pake, nitakuja."

"Siku moja ni nyingi kwa jicho hili, shemeji."

"Zimekwenda kumi na moja."

Alijua Anusaya hatabadili neno. Alikuwa ameuficha ugonjwa wa jicho lake kwa sababu nani angemwamini mkaguzi wa macho mwenye mtoto wa jicho. Na palikuwa na jingine. Aliwaapia watoto wa wale sitini na wanne kwamba senti ya Mundhada haitagusa mwili wake. Kutembeza tochi ni kazi, hapo yeye ndiye anayetoa. Kulala juu ya kile kitanda ni kupokea.

Saa moja asubuhi alisimama mbele ya meza ya kuandikisha, chini ya bango lenye nembo ya Wakfu na jina la Mundhada kwa herufi zenye urefu wa mkono. Nyuma yake hapakuwa na mtu, hata wale saba hawakuwa wamerudi. Vrushali aliinua kichwa, akamwona, akachukua kalamu.

"Jina?"

"Unalijua."

"Jina, mjomba. Wakfu unataka kila mtu aulizwe."

"Pundalik Raghoji Tembhurne."

"Umri?"

"Sitini na mbili."

"Kipato cha mwezi?"

"Andika hakuna."

Aliandika. Mkono wake ulikuwa mzuri, herufi zimepangana. Akambandika plasta kwenye paji la uso juu ya jicho la kushoto, daktari asije akakosea upande, akampa kibao chenye namba moja akishike kifuani. Mpiga picha akamsogeza chini ya bango. Wakati huohuo likafika gari jeupe, akashuka Girish Mundhada, mtu mnene mwenye haya, akaja kusimama kando ya Pundalik na kumwekea mkono begani.

"Wewe si mmoja wa watu wa zamani wa baba?" aliuliza huku akiitazama kamera.

"Wa arobaini na moja," alisema Pundalik.

Mundhada hakuelewa, akatabasamu, picha ikapigwa. Upande wa pili alisimama Vrushali. Picha ile ingesafiri mpaka ng'ambo, na chini yake pangeandikwa neno mnufaika. Miaka kumi na tisa alikuwa akiwapanga watu mbele ya kamera ile, akiwaambia inueni vibao, na sasa kibao kilikuwa mikononi mwake. Vrushali, kwa sauti ya chini ili wengine wasisikie, alimwambia, "Ahsante, mjomba." Angempiga kwa kibao hicho.

Upasuaji ulichukua dakika kumi na mbili.

Kesho yake Daktari Qazi alikifungua kitambaa cha kijani alichomfunga jichoni, akamsomesha herufi za ukutani, akakifunga tena. Saa mbili Pundalik alikuwa ameinama mbele ya Anusaya, na Anusaya alimshika kichwa kama anayechagua tikiti sokoni.

"Kiko mahali pake," alisema. "Kigumu vilevile."

Walimpeleka kwa jipu, akaingizwa wa kwanza. Kisha Vrushali alizima kipaza sauti, wakaondoka wawili kuelekea Sonegaon, Pundalik kiti cha mbele. Joto lilikuwa nyuzi arobaini na tatu. Kwenye banda la chai watu walimzunguka, wakamnusa kitambaa wakitafuta harufu ya kuoza. Safari hii aliongea. Aliongea mpaka koo likakauka, Sonegaon, kisha Pimpalkhuta, kisha kijiji hadi kijiji, na Vrushali hakutia neno. Alikaa nyuma ya usukani akimimina maji na kuwafungulia wazee mlango. Zingraji alipanda akilalamika kwamba kiti kina moto. Jioni mstari wa hospitali ulitoka nje ya lango, na Daktari Qazi akapiga simu mjini kusema atabaki siku mbili zaidi.

Asubuhi ya siku ya tatu walimfungua Anusaya. Pundalik alisimama miguuni pa kitanda, Vrushali kichwani. Daktari alimulika kwa muda mrefu, akainua vidole.

"Vingapi, mama?"

"Mkono nauona," alisema Anusaya. "Vidole havitengani."

Daktari akainua taa, akaishusha, akauliza mara mbili zaidi. Kisha akasema polepole kwamba ataona mwanga, mlango, umbo la mtu. Zaidi ya hapo hapana, presha ya ndani ya jicho imekwisha kuua mshipa wa nyuma wa kuonea. "Angeletwa wiki moja mapema angekuwa anatunga uzi kwenye sindano. Kwa nini alichelewa?"

"Ni kosa letu, daktari," alisema Vrushali mara moja. "Pesa zilichelewa, nami sikupita vizuri mtaa ule."

Alilisema kwa unyenyekevu, uso umeinama, na muuguzi akamtazama kwa huruma. Pundalik alisikia kile kitu kikimpanda tena kifuani, kilekile cha kwenye ukumbi. Hata hili alikuwa analichukua. Hata hili lingeandikwa kwa mwandiko wake mzuri, na watu wangesema tazama alivyo mwungwana.

"Hapana," alisema. "Si lako hilo. Ni langu."

"Mjomba, si lazima—"

"Nimesema ni langu. Daktari, watu walitaka kuja, nikawazuia. Waliniuliza kama macho yanakatwa Aprili, nilijua yanakatwa, nikanyamaza. Sikutaka kambi ya huyu ifanikiwe. Shemeji, umesikia?"

Anusaya alikuwa ameligeuzia dirisha jicho lake jipya. Nje watu wa mstari walikuwa wakigombania kivuli.

"Nimesikia," alisema.

Muuguzi alikuja na chupa ya dawa. Matone mawili, mara nne kwa siku, kwa wiki sita, na mgonjwa asijitie mwenyewe. Akauliza nani atakuwa akimtia.

"Mimi," alisema Pundalik. "Ni milango mitatu tu."

"Binti," Anusaya alisema, akinyoosha mkono kuelekea kwenye umbo lililokuwa kichwani pake, "wewe unakaa wapi?"

"Barabara ya soko, mama. Mbali kidogo."

"Utaweza kuja mara nne?"

Vrushali alimtazama Pundalik. Pundalik alitazama sakafu.

"Nitaweza," alisema Vrushali.

"Mpe yeye hiyo chupa," Anusaya alimwambia muuguzi.